Anayeuliza Kabla ya Kutoa Dawa

Tafakari ya wiki
Masomo: Yoshua bin Sira 38:1–15, 2 Wafalme 5:1–14



Wapendwa, Yoshua bin Sira anatufundisha kumheshimu tabibu, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka. Wengi wetu husoma hadi hapo, tukafunga kitabu. Lakini katika aya ya 8 anatajwa mtu wa pili: yule anayezichanganya dawa zilizotoka ardhini, ili kazi ya Mungu ya kuponya iendelee duniani.

Mtu huyo tumemsahau. Katika maombi yetu tunamtaja daktari na nesi. Mfamasia tunamhesabu kuwa mwenye duka. Tunafika dirishani na kusema, "Nipe zile za rangi mbili, za elfu moja." Akiuliza mgonjwa ni nani, ana umri gani, anatumia dawa gani nyingine, tunakunja uso: "Kwani wewe ni daktari?"

Si daktari, wala hadai kuwa daktari. Ni mtu aliyesomea dawa. Hapa Tanzania husoma chuo kikuu miaka 4, akafanya mafunzo ya vitendo mwaka 1, ndipo Baraza la Famasi limsajili. Daktari hutafuta ugonjwa. Mfamasia huitazama dawa pamoja na mwili utakaoipokea.

Tazameni dawa mseto ya malaria. Mtu mzima humeza vidonge 4, mara 2 kwa siku, kwa siku 3, na dozi ya pili huja saa 8 baada ya ile ya kwanza. Tena humezwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, au maziwa, la sivyo sehemu kubwa ya dawa haifyonzwi mwilini. Asiyeelezwa hayo anaweza kumaliza vidonge vyote 24 na vimelea vikabaki. Mama anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini, huku akimeza vidonge vya uzazi wa mpango, anaweza kushika mimba asiyoitarajia, kwa sababu dawa moja huipunguzia nyingine nguvu. Mwenye vidonda vya tumbo akimeza diklofenaki kwa ajili ya mgongo, anaweza kuvuja damu tumboni. Maswali yale yanayotuudhi dirishani ndiyo yanayoyazuia haya.

Hata anapotukatalia, anatuhudumia. Mafua huletwa na virusi, na antibiotiki haziui virusi. Tukizimeza ovyo, au tukiacha dozi katikati kwa kuwa tumepata nafuu, tunalea usugu, na siku mtoto wa jirani atakapozihitaji, hazitafanya kazi. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alilionya jambo hili mwaka 1945 alipopewa Tuzo ya Nobel: watu watajinunulia dawa madukani, watameza pungufu, na vijidudu vitajifunza kuishinda. Siku hizo ndizo tunazoishi.

Katika somo la pili, Naamani, jemadari wa Shamu, karibu arudi kwao na ukoma wake, kwa kuwa alipewa agizo lililoonekana dogo mno kwa mtu wa cheo chake. Waliomwokoa kwa maneno yao walikuwa watumishi wake, watu ambao kwa desturi hakupaswa kuwasikiliza. Kiburi kama hicho tunacho tunaposimama dirishani. Tunataka uponyaji, lakini hatutaki kuulizwa wala kuelekezwa na mtu tuliyekwisha kumshusha hadhi.

Nanyi wafamasia, ndugu zangu, neno hili ni lenu pia. Mahali pengine cheti kimetundikwa ukutani na mwenye cheti hayupo. Anayetoa dawa ni kijana ambaye hakufundishwa. Watu watawajuaje kama hawawaoni? Cheti mlipewa kwa ajili ya wagonjwa. Msikikodishe. Kaeni mahali penu, ulizeni kwa upole, elezeni hadi mgonjwa aelewe.

Juma hili tufanye mambo matatu. Ukienda kuchukua dawa, mtajie mfamasia kila unachotumia, hata mizizi na majani ya nyumbani. Na kama una mimba au unanyonyesha, usifiche. Kabla hujaondoka, uliza: naimezaje, kwa siku ngapi, na niepuke nini? Kisha maliza dozi yako, wala usimgawie jirani iliyobaki. Mpeleke naye akaulizwe.

Tuombe. Ee Mungu, uliyeziumba dawa kutoka ardhini, wabariki wanaozitunza na kuzitoa. Uwape uaminifu wa kukataa pale inapobidi. Utupe sisi unyenyekevu wa kuulizwa na kusikiliza, ili dawa uliyoiumba iponye, isiue. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.