Kabla Bibi Hajalala



Vijana wenzangu, leo nawaletea jambo lililotugawa nyumbani kwetu Bagamoyo. Bibi alikuwa na saratani. Ocean Road walimtibu hadi ikabaki kumpunguzia maumivu tu, akarudi na morfini ya kunywa. Wiki ya mwisho haikutosha. Pumzi zilimkaba, usiku kucha anahaha. Daktari akasema imebaki njia moja: dawa ya kumlaza usingizi, kwa kipimo cha kumtuliza tu.

Mjomba akang'aka: "Huko ni kumuua mama! Yesu mwenyewe alikataa divai yenye manemane!"

Kusema kweli, sikuwa na jibu. Nikaenda ufukweni, pale kwenye Msalaba unaokumbusha wamisionari waliofika 1868, nikampigia Padre.

"Mwanangu," akasema, "Yesu alikataa kwa hiari yake. Kanisa halimlazimishi mgonjwa afanye hivyo." Akanieleza kuwa Papa Pio wa 12 aliwajibu madaktari swali hilo mwaka 1957: dawa ya maumivu inaruhusiwa hata ikipunguza fahamu, kama hakuna njia nyingine na mgonjwa hazuiwi kutimiza wajibu wake wa kidini na wa kimaadili. Katekisimu namba 2279 inafundisha kwamba hata siku zikiweza kufupika, si dhambi mradi kifo hakitafutwi, si kama lengo wala kama njia. Basi jiulize: unataka kumwondolea mgonjwa mateso, au kumwondoa mgonjwa?

Lakini lile neno "wajibu" lilinichoma. Bibi na Mjomba walikuwa hawaongei vizuri tangu kiwanja kiuzwe.

Tukamuuliza Bibi kuhusu dawa. Akaitikia kwa kichwa, halafu akanong'ona: "Padre kwanza." Padre akaja. Bibi akaungama, akapakwa mafuta, akapokea Ekaristi, pamba ya safari. Kisha akamwita Mjomba. Sijui waliambiana nini. Nilimwona tu anatoka analia kama mtoto.

Ndipo daktari akaanza dawa. Bibi alilala siku mbili. Mjomba ndiye aliyekuwa akimlowesha midomo kwa pamba na maji, sisi tukisali rozari. Akaondoka alfajiri, ametulia.

Rafiki, kama una mgonjwa nyumbani, usiogope dawa ya kumtuliza. Ogopa kumlaza kabla hajaungama na kuaga. Mwite padre mapema, na kama kuna msamaha unaodaiwa, uombe leo.

Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa wanaozimia, utuombee. Amina.