JAWABU YA NENO "MAGABACHORI"

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba watu kwa baba mmoja na mama mmoja, akazikhitilafisha rangi zao na ndimi zao ili iwe dalili ya uwezo wake. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baad:

Enyi Waislamu wa Dar es Salaam, wa mjini na wa Kariakoo! Jueni ya kuwa fitina huanza kwa jina, na jina likiisha kushika ulimini huuita mkono. Mwaka 1992 iliporejea siasa ya vyama vingi katika Tanzania, alisimama Mchungaji Christopher Mtikila, kiongozi wa Democratic Party, akawasemea mafakiri kwa jina la walalahoi. Na watu wenye asili ya Kihindi na ya Kiarabu akawaita magabachori, akikusudia kuwa wao ndio wanyonyaji wa mali ya wazawa. Neno likaenea sokoni na mabarazani. Mwezi wa Januari 1993, baada ya mkutano wake, vijana wakatupa mawe, na Wahindi wakashambuliwa njiani. Mtikila alikufa Oktoba 2015, na hesabu yake iko kwa Mola wake. Walakini neno lake halikufa naye, na Waislamu hawakusalimika nalo. Basi linalojibiwa hapa ni neno; mtu ameachiwa Muumba wake, na dini yake haimo katika maneno haya.

Mwenye kujibu hana budi kwanza kufanya insafu. Ufakiri aliousema Mtikila ulikuwako, na ungaliko. Mchukuzi wa Kariakoo hubeba gunia tangu alfajiri, na jioni hupewa ujira usiomtosha chakula cha wanawe. Wako matajiri wanaochelewesha ujira, na wako wanaopunguza mizani. Na Sura nzima ya Qurani, Al-Mutaffifin, imeanza kwa kuwaonya hao. Mwenye kuinyamazia dhulma hii kwa kuwa dhalimu ni wa kabila lake, huyo ni mshirika wake.

Lakini dhulma ina mwenyewe. Mizani haipunguzwi na rangi, hupunguzwa na mkono wa mtu. Muuza nguo aliyemdhulumu mnunuzi, huyo ndiye wa kushtakiwa. Jirani yake wa duka la pili, aliyefanana naye uso, hana deni lolote. Qurani imebainisha pahali pengi ya kuwa hapana mtu atakayebebeshwa mzigo wa mwenziwe. Na katika Suratul Maida, aya ya 8, Waislamu wamekatazwa wasiache uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Aliyetupa jiwe Januari ile, je, alimwuliza aliyempiga mizani yake ikoje? Hakumwuliza. Alitazama ngozi, akahukumu.

Ama jina lenyewe, hukumu yake iko wazi. Suratul Hujurat, aya ya 11, imekataza watu kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli. Na katika Sahihi ya Bukhari imepokewa ya kuwa Abu Dharr, radhi za Mungu zimshukie, alimtukana mtu kwa mama yake ambaye hakuwa Mwarabu; Mtume (s.a.w.) akamkabili akamjulisha ya kuwa bado ana ujahili ndani yake. Abu Dharr alikuwa katika waliotangulia kusilimu. Ikiwa mtu kama yeye aliambiwa hayo kwa neno moja, itakuwaje kwa mwenye kulifanya neno hilo kuwa mazungumzo yake ya kila siku kibarazani?

Na wajue watu ya kuwa mgawanyo huu haukuletwa na dini. Serikali ya Wadachi, kisha ya Waingereza, iliugawa mji huu: upande wa bahari kwa Wazungu, katikati Uhindini, na Waafrika ng'ambo ya Mnazi Mmoja, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi uwe mpaka. Jina la Kariakoo limetoka kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita vya 1914 hata 1918. Oktoba 1961, baadhi ya wajumbe wa Baraza walipotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao, Julius Nyerere alikataa, na sheria ikapita bila ya sharti ya rangi. Mpaka wa sheria ukaondoka. Uliosalia umo nyoyoni.

Sasa na wasikilize wenye asili ya Kiarabu na ya Kihindi, kwani jawabu hili lina makali mawili. Yuko Mwislamu anayeswali safu moja na Mwafrika, bega kwa bega, na mtu huyo akija kuposa binti yake, humwambia, "Wewe mtoto wa watumwa." Akiulizwa, hujificha nyuma ya mlango wa kafaa. Ni kweli, nasaba imo katika kafaa kwa madhehebu ya Imamu Shafi. Lakini hiyo ni haki ya mwanamke na walii wake, wakiridhia kuiacha nikaha ni sahihi. Wala haikuwekwa iwe ruhusa ya kumtukana mtu. Na mali, kwa kauli iliyo sahihi katika madhehebu, haihesabiwi katika kafaa. Basi anayemkataa mposaji kwa ufakiri wake asiseme kuwa Imamu Shafi ndiye aliyemwamuru. Fatima binti Qays alikuwa Mkureshi, Mtume (s.a.w.) akamwelekeza aolewe na Usama bin Zaid, mwana wa Ummu Ayman wa Uhabeshi. Mwanzo hakupenda, kisha akatii, akaona kheri katika ndoa hiyo hata akahusudiwa.

Basi dawa ni hii. Tajiri na alipe ujira kabla jasho halijakauka, na mizani yake aisimamishe. Fakiri na adai haki yake kwa aliyemdhulumu, kwa jina lake, mbele ya kadhi au hakimu. Baba na amwonye mwanawe siku ya kwanza anapomsikia akisema "gabachori" au "mtoto wa watumwa". Na Ijumaa, wa Kitumbini na wa Manyema wanapoelekea kibla kimoja, kila mmoja na ajiulize kama moyo wake umeelekea pamoja na uso wake.

Ewe Mola, tuondolee ujahili nyoyoni, utupe uadilifu kwa tumpendaye na tumchukiaye. Amin. Wallahu aalam.