Mfupi Aliyeendelea Kugonga

Jumapili tulikuwa katika 1 Samweli 16. Samweli amefika kwa Yese, macho yote kwa Eliabu kwa sababu kijana ni mrefu. Nabii mzima, na bado urefu ukamdanganya!

Kule Marekani kulikuwa na Sam Mills. Alicheza ule mpira wao wa kubebwa mikononi, si huu wetu wa Gor na Ingwe. Alikuwa linebacker, yaani beki anayesimama nyuma ya safu ya kwanza ya ulinzi, anasoma mchezo, kisha anamwangusha mwenye mpira. Hiyo ni kazi ya majitu. Sam alikuwa futi 5 na inchi 9 tu. Mwaka wa 1981 Cleveland Browns wakamwacha. 1982 Toronto Argonauts wa Kanada, vivyo hivyo. Akaenda kufundisha sekondari New Jersey, upigaji picha na useremala. Wewe uliyefungiwa mlango mara mbili, unasikia? Akashika randa. Hata Daudi, baada ya kupakwa mafuta, alirudi kwa kondoo.

1983 ligi mpya ikaanza, Philadelphia Stars wakamchukua. Kutoka 1986 akacheza miaka 9 New Orleans Saints, kisha 3 Carolina Panthers, halafu akawa kocha wao.

Agosti 2003 akapatikana na saratani ya utumbo. Aliendelea kufundisha huku akitibiwa. Januari 2004, kabla ya mechi na Dallas Cowboys, aliwaambia vijana kwamba alikuwa na njia mbili, kuacha au kuendelea kugonga, naye aliendelea. Walishinda siku hiyo, wakafika hadi fainali.

Aprili 18, 2005, Sam akafa. Miaka 45.

Hapa ndipo sisi wahubiri hufunga kitabu haraka, maana tumezoea shuhuda za waliopona. Lakini mama mmoja wa ushirika huu aliniuliza, "Pastor, tuliomba, tukafunga, na baba watoto bado akaenda. Imani yangu ilipungukia wapi?" Siku hiyo nilibabaika. Leo najibu: Mama, haikupungua. Soma Waebrania 11 mpaka mwisho, usiishie kwa waliofunga vinywa vya simba. Kuna waliopigwa mawe, kuna waliokatwa kwa misumeno, na wote wako kwenye orodha ileile ya imani.

Njoo maombi ya Jumatano, mama. Kiti chako kiko pale mbele, kando ya Mama Pastor.