Kuiga na Kuumba

Kijana ashikaye sanaa ya kigeni huitwa kasuku. Sisi lawama hiyo twaitilia shaka tuitazamapo filamu ya "Who Killed Captain Alex?", iliyotolewa mwaka 2010 na Isaac Nabwana wa mtaa wa Wakaliga, hapa Kampala. Mapigano yake asili yake ni Hong Kong na Marekani, hatukatai. Lakini bunduki ni za vyuma chakavu, waigizaji wengi ni watu wa mtaani, na juu ya yote yasikika sauti ya msimulizi, akitania kama ilivyo desturi ya vibanda vya video vya mji wetu. Tena Nabwana, utotoni, filamu za ng'ambo alizijua kwa masimulizi ya nduguze. Kasuku hurudisha neno alilolisikia. Huyu alisikia maneno, akatoa picha. Jina hilo halimfai.