Wema Hauozi: Deni Lisilotangazwa Msibani

Methali isemayo "Wema hauozi" ni fupi mno, na huenda ufupi huo ndio unaowafanya wengi waichukulie kuwa neno la kuwafariji wafiwa tu, ilhali ndani yake mna dai zito, kwamba katika yote anayoyaacha binadamu nyuma yake kimo kimoja kisichofuata kanuni ya kuharibika. Dai hilo linafaa kupimwa mahali ambapo kuoza kunajulikana kwa karibu, na uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanzania, ni mahali pa namna hiyo. Huko Newala, msimu wa korosho ukifika, mabibo, yaani yale matunda laini yanayobeba korosho, huanguka kwa wingi, na yasipoliwa, kukamuliwa au kukaushwa mapema huchacha palepale chini ya mkorosho. Muhogo ukishang'olewa haukai, ndiyo maana humenywa na kuanikwa uwe makopa. Na hata makopa yenyewe, pamoja na mbaazi na kunde za ghalani, hubunguliwa na wadudu. Mtu aliyekulia katika hali hiyo akitamka kwamba kuna kitu kisichooza, hatamki neno jepesi.

Kiswahili kina methali nyingine yenye kauli hiyohiyo, "Akiba haiozi", na ni vyema zisichanganywe. Akiba hukaa mkononi mwa mwenyewe ikimsubiri siku ya dhiki, na thamani yake hutegemea kutoguswa. Wema hauhesabiki kuwa wema mpaka uwe umekwisha kutoka mkononi mwa mtendaji, wala hana tena uwezo wa kuurudisha. Kwa hiyo mtu anayeweka wema kama akiba, akitarajia kulipwa, amekwisha kutoka katika maana ya methali hii hata kama watu watamsifu.

Mtu ambaye methali hii humfaa zaidi katika miji midogo ya kusini ni bibi, yule mwanamke mzee ambaye mtaa mzima humwita hivyo, wajukuu wa damu na wasio wa damu. Wema wake haueleweki bila kuelewa gharama yake. Udongo wa uwanda wa Makonde ni wa kichanga, hunywa mvua na kuishusha chini sana, hivi kwamba vijiji viko juu na chemchemi ziko chini ya magenge, hasa upande wa bonde la Ruvuma, ambako ukingo mmoja wa Newala huitwa Shimo la Mungu. Kabla ya mradi wa maji wa Makonde, ulioanza miaka ya 1950, na kwa wengi hata baada yake, wanawake waliteremka na mitungi gizani na kupanda nayo kichwani jua likiwa limekwisha kuchomoza. Katika nyumba ya namna hiyo, kata moja ya maji aliyopewa mpita njia haikuwa ukarimu wa kawaida, bali sehemu ya usingizi na miguu ya aliyempa. Huo ndio wema unaosemwa hapa, na anayeufikiria kuwa upole wa tabia tu ameushusha thamani.

Sasa bibi huyo anafariki. Msibani husomwa wasifu wa marehemu: mwaka wa kuzaliwa, ambao mara nyingi ni wa kukisia, maradhi yaliyomsumbua, hospitali alikotibiwa, pengine Mkomaindo au Ndanda, kisha idadi ya watoto, wajukuu na vitukuu. Baada ya hapo msemaji wa familia hutangaza kwamba mwenye kumdai marehemu, au anayedaiwa naye, aonane na familia, tangazo ambalo kwa Waislamu lina uzito wa kisheria, kwa kuwa deni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Hapo ndipo methali inapoonyesha kina chake, kwa sababu hakuna anayesimama kusema kuwa anadaiwa kata ya maji. Mwenye deni hilo yumo katika umati, lakini aliyemkopesha hakuandika, hakudai, na sasa hayupo kupokea malipo. Deni la fedha hulipwa likaisha. Deni la wema, kwa kukosa wa kulipokea, hubaki bichi, na njia pekee ya kulihudumia ni kumtendea mwingine. Kutooza kwa wema, basi, hakutokani na nguvu ya kumbukumbu bali na deni hili lisilofungika.

Mtu anaweza kusema kwamba jamii za Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambazo kwa desturi hufuata ukoo wa mama, tayari zina njia ya kumhifadhi bibi, kwa kuwa watoto ni wa litawa lake, kama Wamakonde wauitavyo ukoo wa upande wa mama. Hilo ni kweli, ila ukoo huhifadhi nasaba, na methali inazungumzia jambo pana zaidi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alipowafikisha Masasi watu waliokombolewa utumwani, waliotoka Unguja wakielekea Ziwa Nyasa na kuishia hapo kwenye majabali, hao walikuwa watu waliokatwa na koo zao. Na baada ya vita vya ukombozi wa Msumbiji kuanza mwaka 1964, wakimbizi walivuka Ruvuma wakiwa na njaa. Kati ya watu kama hao, wasiokuwa na litawa huku hawakuwa na wa kumdai chochote, na walichopewa majikoni hakikuwa haki ya ukoo.

Pingamizi kubwa zaidi hutoka ndani ya Kiswahili chenyewe, kisemacho kuwa fadhila za punda ni mateke. Lakini punda wa methali hiyo humhukumu mpokeaji, hasemi lolote juu ya kilichotolewa. Wala si hoja kwamba vizazi viwili vikipita jina la bibi husahaulika, kwani kisichooza kimetajwa kuwa ni wema, si mwema.

Siku hizi wajukuu wengi wako Mbagala na kwingineko Dar es Salaam, na wanaporudi Masasi au Newala kwa arobaini, mazungumzo ya familia huangukia kwenye kujengea kaburi kwa saruji na vigae, na nani achange kiasi gani. Ni jambo la heshima, halistahili kubezwa. Ila lisidhaniwe kuwa ndilo lililokusudiwa na methali, wakati jirani aliyelishwa na marehemu mwaka wa njaa angali nyumba ya tatu, ajuza sasa, na ndoo zake hazina wa kuzijaza.