Dundu Mkata Matawi na Dhana Mbaya

Ndugu yangu msomaji, watu wengi huuliza, na wengine huuliza kwa dharau: mdudu ana maana gani? Nyuki hutupa asali, na huyo tumemkubali. Lakini huyu atoboaye mti, na yule alaye jani, wao wameumbiwa nini? Mimi nilikuwa na jawabu nyepesi ya swali hili, nikiisomesha kila mwaka, mpaka nilipokwenda Sotik nikatambua kuwa jawabu yangu nilikuwa nimeihifadhi tu kwa ulimi.

Sotik iko bara, katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, mahali pa baridi na mvua, ambapo vilima vimevikwa michai kama zulia. Mpwa wangu ana duka huko, na nyuma ya nyumba yake pana migunga michache. Siku niliyofika nilimkuta ana ghadhabu. Matawi ya migunga yake yalikuwa yakianguka moja baada ya moja, na kila moja limekatwa duara, mkato safi kama wa kisu. Akaniambia: "Mjomba, huyu ni mtoto wa jirani. Kisu anacho, na juzi nilimkaripia." Naye alikwisha kumwendea mama wa mtoto kwa maneno makali, na kwa muda wa siku nne nyumba mbili hizo hazikuamkiana.

Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilimsadiki mpwa wangu. Sikuinua hata tawi moja kulitazama.

Aliyeliinua ni mzee mmoja Mkipsigis aliyekuja kununua sukari. Alilizungusha mkononi, akasema: "Mwalimu, kisu huanza upande mmoja. Mkato huu umezunguka sawasawa pande zote, na katikati ulibaki uti mwembamba, ndio uliovunjwa na upepo." Kisha akabandua gome juu ya mkato, akatuonyesha yai jeupe, dogo kuliko punje ya mchele. Kesho yake alfajiri akatuonyesha mwenye kazi yake juu ya tawi: dundu mwenye vipapasio virefu kuliko kiwiliwili chake, ametulia akitafuna gome, hana khabari ya ugomvi alioutia baina ya watu.

Hekima ya kazi yake ni hii. Mwanawe, yaani buu, hastawi ndani ya tawi lenye uhai na utomvu mwingi. Chakula chake ni mti unaokufa au uliokwisha kufa. Basi mama hukata gome kwa duara, na chakula kitengenezwacho na majani hakiwezi tena kushuka kwenda mizizini, hubaki juu ya mkato. Na huko ndiko atagako mayai yake. Tawi hukauka, huanguka, na mabuu huishi humo wakila mpaka watoke wakiwa madundu wazima. Mama huyo kwa kawaida huwa amekwisha kufa. Amewaandalia wanawe nyumba na riziki kabla hawajazaliwa, wala hakusomeshwa na mtu.

Wala tusidhani haya ni mambo ya bara tu. Wenye mikorosho wa Kwale na Kilifi wanaye wao, ambaye wataalamu humwita Paranaleptes reticulata, mwenye mbawa za rangi ya chungwa zenye mabaka meusi, naye hukata hata matawi mazito kama kifundo cha mkono. Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazil, na dundu huyu ni mwenyeji wa Afrika. Basi nani aliyemwingilia mwenzake? Na kwetu pwani, tawi la mkorosho linapoanguka bila ya sababu ionekanayo, wangapi husema ni jicho la jirani, wakaenda kwa mganga, naye akawatajia jina la mtu?

Hapa ndipo lilipo swali langu. Kwa nini ilikuwa rahisi kwetu kumdhania ubaya mtoto wa watu, kuliko kuinama tukalitazama tawi? Jawabu yake ni kuwa dhana haina kazi, na kutazama kuna kazi. Anayemdharau mdudu hapotezi elimu ya mdudu peke yake. Hupoteza na ada ya kutazama. Na asiyezoea kutazama dogo, litakapomjia kubwa atalihukumu kwa chuki iliyomo moyoni mwake. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 869, aliandika kitabu kirefu juu ya wanyama, wala hakuona haya kutia humo nzi na sisimizi. Na Kur-ani ina sura iitwayo kwa jina la Nyuki na nyingine kwa jina la Sisimizi. Sura hizo tumezisoma mara ngapi, na sisimizi mwenyewe tumemtazama mara ngapi?

Atasema mtu: je, tuwaache madundu watumalizie mikorosho? La. Mwenye shamba ana haki ya kuilinda riziki yake. Dawa yake ni kuyakusanya matawi yaliyokatwa, yaliyoanguka na yanayoning'inia, yachomwe kabla mabuu hawajatoka. Nayo ni kuni za jikoni. Lakini kumzuia mdudu kwa haja ni jambo moja, na kumponda kwa mchezo au kwa kinyaa ni jambo jingine, na hili la pili halina udhuru.

Mpwa wangu alikwenda kwa jirani kuomba radhi, nami nilifuatana naye, kwa kuwa deni lilikuwa letu sote wawili. Mama wa mtoto alitusikiliza mpaka tukamaliza, kisha akatuuliza neno moja: "Na kama dundu hakuonekana?"

Hatukuwa na la kumjibu. Nakuachia nawe neno hilo, ndugu yangu, ulifikiri kabla hujamtaja mtu kwa ubaya.

Wabillahi taufiq.