Hawaji kwa Kutishwa

Wanangu, kaeni niseme taratibu, maana haya nimeshayasema hata nimechoka kuyasikia mwenyewe. Mnabandika picha za mapafu meusi ukutani, mnapanga viti, kisha mnalalamika kwamba akina mama hawataki kuacha sigara. Mtu asiyejua kesho watoto watakula nini, mnamtishaje kwa ugonjwa wa miaka ishirini ijayo?

Someni ya Glasgow, kule Scotland, mji wenye mitaa ya dhiki hasa. Wajawazito zaidi ya 600 waliokuwa wakivuta walipewa huduma ya kawaida ya kuacha, na nusu yao wakaongezewa vocha za madukani: pauni 50 kwa kufika na kupanga siku ya kuacha, 50 nyingine wakitimiza wiki 4, 100 kwa wiki 12, na 200 mimba ikikaribia kutimia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Upande wa vocha waliacha karibu 23 katika kila 100. Upande wa pili hawakufika 9. Najua wapo watakaoita hongo. Haya, iteni. Mimi naona nauli, maziwa na nepi.

Tena si pesa tu. Mtazameni mama akipimwa: anabana pumzi sekunde 15, anapuliza polepole kwenye kifaa, namba ya hewa ya sumu ya moshi iliyomo mwilini inatokea mbele ya macho yake. Akiacha kuvuta, hewa hiyo hupungua ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo akirudi huiona namba imeshuka. Ni lini mara ya mwisho mtu alimwonyesha mama huyu kitu alichofaulu?

Mwaka 1993 Hilary Graham aliandika kuhusu akina mama maskini wa Uingereza, akaeleza kwamba kwa wengi sigara ndiyo mapumziko yao pekee katika kutwa ya kulea. Mkimnyang'anya mapumziko hayo, mtampa nini? Kikao chenu basi kiwe mahali pa kukaa bila kuitwa-itwa. Pawe na mtu wa kushika watoto. Pawe na chai. Muulizeni ameshindaje kabla ya kumuuliza amevuta ngapi.

Na aliyerudia sigara wiki ya tatu msimhoji mbele ya wenzake. Mpimeni pembeni, mpeni chai yake, mtajieni siku ya kikao kijacho.